Haki za mhamiaji na mkimbizi: majibu kwa wasomaji wetu

Makala ya toleo lililopita kuhusu watu wanaozuiwa mipakani imetuletea barua nyingi. Tunajibu hapa zile zinazogusa mambo yaliyoulizwa na wengi, na majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Swali: Mimi ni mwalimu wa somo la uraia. Wanafunzi wangu hunibana kwa swali hili: mtu aliyevuka mpaka usiku, hana viza wala pasipoti, amekwisha kuvunja sheria. Atadaije kulindwa na sheria?

Jibu: Mwalimu, walioandika Mkataba wa Wakimbizi, uliopitishwa Geneva mwezi Julai 1951, walikuwa wametoka katika kipindi ambacho watu walikufa wakiwa wanangojea karatasi. Mwaka 1939 meli ya St. Louis iliondoka Ujerumani na abiria zaidi ya 900, karibu wote Wayahudi waliokuwa wakikimbia utawala wa Hitler. Wengi wao walikuwa na vibali vya kushuka Cuba ambavyo serikali ya huko ilikuwa imekwisha kuvifuta, na wengi walikuwa tayari kwenye orodha ya kungojea viza za Marekani. Walikuwa wamefuata utaratibu, lakini Cuba iliwapokea wachache tu, Marekani ikakataa, Kanada ikakataa, na meli ikarudi Ulaya. Abiria 254 kati yao walipoteza maisha katika mauaji ya halaiki yaliyofuata.

Ndiyo maana Ibara ya 31 ya Mkataba inakataza kumwadhibu mkimbizi kwa sababu tu ameingia bila ruhusa. Masharti yapo: awe ametoka moja kwa moja mahali palipohatarisha maisha au uhuru wake, ajipeleke kwa mamlaka bila kukawia, na aeleze sababu ya msingi ya kuingia kwa njia hiyo. Anayejificha kwa miaka bila sababu hawezi kuitegemea ibara hiyo. Waambie wanafunzi wako kwamba ni sheria yenyewe iliyokubali kuwa anayekimbia kuuawa hawezi kwenda kuomba pasipoti kwa yuleyule anayetaka kumuua.

Swali: Nchi ikiamua kumrudisha mtu kabla hajakanyaga ardhi yake, kwa mfano akiwa bado baharini, je, imekosea?

Jibu: Imekosea, ikiwa inamrudisha penye hatari, na jambo hili limekwisha kuamuliwa mahakamani. Ibara ya 33 ya Mkataba wa 1951 inakataza kumrejesha mkimbizi, kwa namna yoyote ile, kwenye mipaka ya mahali ambapo maisha au uhuru wake utatishiwa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Ibara hiyo ina kipengele kinachomwondolea kinga mtu aliye tishio kwa usalama wa nchi, lakini Mkataba wa Kupinga Mateso wa 1984 haukuacha mwanya wa aina hiyo: penye hatari ya kuteswa harudishwi mtu yeyote, hata awe mhalifu.

Mwezi Mei 2009 vyombo vya Italia vilizikuta boti tatu kusini mwa kisiwa cha Lampedusa, zikiwa na watu wapatao 200 waliokuwa wametoka Libya. Walipandishwa kwenye meli za Italia na kupelekwa Tripoli. Hakuna aliyewauliza majina, na kwa maelezo yao hawakuambiwa hata wanapelekwa wapi. Wasomali 11 na Waeritrea 13 kati yao walifungua kesi, na tarehe 23 Februari 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba mtu aliye ndani ya meli ya Italia yuko chini ya mamlaka ya Italia hata kama nchi kavu iko mbali, na kwamba kuwafukuza watu kwa mkupuo bila kusikiliza habari ya kila mmoja ni kinyume cha haki. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ndiyo iliyozifundisha serikali ujanja mpya, yaani kuzilipa nchi nyingine na kuzipa vifaa ili zenyewe ndizo ziwazuie watu. Mkono uliobadilika ni ule unaorudisha, lakini hatari ya anayerudishwa ni ileile.

Swali: Anayekimbia vita au njaa, na si serikali inayomsaka, naye ni mkimbizi?

Jibu: Inategemea mkataba unaotumika. Mkataba wa 1951 unahitaji hofu yenye msingi ya kuandamwa kwa sababu kama zile tulizozitaja kwenye Ibara ya 33. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza wanaokimbia uvamizi, ukaliaji wa kigeni na matukio yanayovuruga vibaya usalama wa umma, na Azimio la Cartagena la 1984 likafuata njia hiyo kwa Amerika ya Kati. Umaskini peke yake haumfanyi mtu kuwa mkimbizi. Hata hivyo, mhamiaji asiye mkimbizi habaki bila haki, kama jibu linalofuata linavyoonyesha.

Swali: Dada yangu ni mfanyakazi wa ndani ughaibuni. Bosi wake alichukua pasipoti yake siku ya kwanza, na sasa kibali chake kimekwisha na mshahara wa miezi kadhaa hajalipwa. Anaambiwa kwamba asiye na kibali hana cha kudai. Ni kweli?

Jibu: Pole sana, wewe na dada yako. Si kweli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kulinda haki za wafanyakazi wahamiaji na familia zao, uliopitishwa tarehe 18 Desemba 1990, unasema katika Ibara ya 21 kwamba hakuna anayeruhusiwa kushika hati za mtu isipokuwa ofisa wa serikali aliyepewa mamlaka hayo na sheria. Ibara ya 25 inaongeza kwamba mwajiri haponi na wajibu wake eti kwa sababu kibali cha mfanyakazi kina kasoro. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 2003, lakini walioridhia wengi ni nchi zinazotoa wafanyakazi. Marekani, Uingereza na Ujerumani hazimo.

Dada yako anaweza kuegemea pia Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaokataza kazi ya kulazimishwa na ulioridhiwa na karibu nchi zote. Kunyang'anywa hati na kuzuiliwa mshahara ni miongoni mwa dalili za kazi ya kulazimishwa ambazo shirika hilo linazitambua. Ugumu mkubwa uko kwenye nchi ambazo ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa mwajiri mmoja, kwa kuwa akiondoka bila idhini anaweza kuhesabiwa mtoro.

Kwa hiyo apige picha mkataba wake wa kazi, ahifadhi ujumbe wote wa simu kati yake na bosi na wakala, kisha nakala zake akutumie wewe. Asitie saini karatasi iliyo katika lugha asiyoisoma, hasa inayosema amelipwa yote. Ubalozi wa nchi yake unaweza kumpa hati ya dharura ya kusafiria, lakini kabla ya kupanda ndege amwone mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria afungue madai. Akiwa amekwisha kuondoka, kudai mshahara ule kutakuwa kugumu zaidi, na hilo waajiri wa namna hiyo wanalijua vizuri.