Betri ya pili ya gari la kambi isilale na njaa

Sisi tunaopenda kulala porini na familia, hema likiwa juu ya paa la gari na friji nyuma, huwa tunafunga betri mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine ya friji, taa na kuchajia simu. Hiyo ya pili ndiyo ninayoulizwa kila mara. Mbona nimeinunua mwaka jana tu, na sasa friji inazima usiku wa manane?

Mara nyingi, betri ya risasi na asidi, ile ya kawaida ya gari, inauawa na kulala na njaa kuliko kazi unayoipa. Ikikaa bila kujaa, salfeti ya risasi kwenye sahani zake hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi tena. Uwezo unapungua kimyakimya, nawe unailaumu friji.

Kwa hiyo nunua mita ya kupimia volti, hata ya bei ndogo. Pima asubuhi kabla ya kuwasha gari, vifaa vyote vikiwa vimezimwa, maana betri iliyotoka kuchajiwa husoma juu mpaka ipumzike saa kadhaa. Volti 12.6 au 12.7 imejaa. 12.2 ni kama nusu, na hapo mimi huzima friji bila kubembelezwa. 12.0 ni kama robo. Ukiizoesha kufika huko, haitadumu.

Wengi wanaamini mwendo wa saa moja unairudisha. Haujazi. Alteneta, kifaa cha kwenye injini kinachochaji betri, hurudisha sehemu ya kwanza upesi, lakini asilimia 20 za mwisho huingia polepole, kwa saa nyingi. Ndiyo sababu napenda paneli ya sola juu ya paa, hata ya wati 100, inayoendelea kuchaji gari likiwa limeegeshwa. Ipitie kwenye chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti chaji inayoingia, usiiunge kwenye betri moja kwa moja.

Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, angalia maji kila mwezi. Weka maji yaliyotoneshwa tu. Ya bomba na kisima yana chumvi. Asidi usiongeze, kinachopungua ni maji. Jaza baada ya kuchaji, kwa sababu kimiminika hupanda wakati wa chaji. Ila sahani zikiwa wazi, zifunike kwa maji kidogo kabla ya kuchaji. Vaa miwani, na moto usisogee: betri hiyo hutoa haidrojeni. Ikikaa ndani ya gari, iwe kwenye boksi lenye bomba la kutolea hewa nje.

Barabara ya vumbi kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron hulegeza kila nati. Ukifika kambini, shika betri kwa mkono uitikise. Ikicheza, kaza mkanda wake, kisha vichwa vya nyaya. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa hivyo safisha kwa bikaboneti ya soda na maji ya vuguvugu, ukaushe, upake grisi.

Betri za lithiamu hazihitaji maji wala hazidhuriki kwa kukaa nusu, lakini zinataka chaja yao maalumu.

Masika yakiingia na gari likae, jaza betri kwanza, kisha toa waya wa hasi. Ichaji tena kila mwezi. Siku ya kurudisha nyaya, kama ulitoa na wa chanya, anza na huo, hasi iwe ya mwisho.