Tazama kwapa, achana na mpira: kwa marefa wapya wa raga

Jumamosi nilikaa pembeni nikimtazama refa mmoja mpya akichezesha dakika zote 80, nikauma ulimi mpaka ulimi ukachoka. Mbio anazo kuliko mimi, sauti anayo, kitabu cha sheria amekimeza. Ila kila raki, pale wachezaji wanaposukumana juu ya mpira ulio chini, macho yamekodolea mpira kama paka aliyeona samaki, huku walinzi wamejisogeza hatua mbili mbele ya mstari wa kuotea, wanajinafasi. Wadogo zangu, hebu sogeeni.

1. Jua kwanza mstari wa kuotea umezaliwa lini. Raki ni mmoja wa kila timu, wamesimama, wamegusana, mpira uko chini yao. Mnakumbuka Februari 2017 pale Twickenham, Italia walipokataa kuingia raki dhidi ya Uingereza? Hapakuwa na raki, kwa hiyo hapakuwa na kuotea, nao wakawa wanatembea upande wa pili kana kwamba wamealikwa. James Haskell wa Uingereza akamwendea refa, Romain Poite, kuuliza wafanyeje. Poite akamjibu kwamba yeye ni refa, si kocha. Uingereza walishinda 36-15, lakini mwanya ule ulizibwa mwaka huohuo. Siku hizi mchezaji akishaangushwa, mtu mmoja tu akisimama juu ya mpira, mistari ya kuotea ipo. Nyinyi bado mnangoja wawe wawili. Wa nini?

2. Baindi, yaani kumshika mchezaji mwingine ili uwe ndani ya raki, ni mkono mzima, kiganja hadi bega. Hapa ndipo penye kidonda changu.

Ilikuwa fainali, dakika ya 78. Weupe wanaongoza 17-15, raki ni yao, karibu na mstari wao wa mita 22. Mimi nimeinama natafuta mikono ya wizi kwenye mpira, najiona hodari. Ubavuni kamesimama kaflanka ka wekundu, yule mchezaji wa pembeni ya skramu: kiganja cha kushoto kimelala kiunoni kwa mwenzake, kifua kimemwelekea namba tisa wa weupe, anayeutoa mpira kwenye raki, miguu yote miwili iko mbele ya kisigino cha mtu wa mwisho wa timu yake. Kapteni wa weupe akapaza sauti, "Refa, huyo hajabaindi!" Nikainua kichwa, nikaona mkono. Mkono tu. Nikajibu kama jaji wa rufaa: "Ameshika. Chezeni."

Namba tisa akainama, akauinua mpira, na kabla hajanyooka kaflanka kalikuwa kifuani pake. Mpira ukaanguka nyuma, mwekundu mwingine akauokota, trai, pointi tano. Mkwaju wa pointi mbili ukaingia, 22-17 kwa wekundu. Sikuwa na wasiwasi wowote! Nilipuliza filimbi ya mwisho nikitabasamu.

Kapteni yule akaja taratibu, akasimama kando yangu, akaniwekea kiganja kiunoni. Akauliza kwa adabu zote, "Refa, na mimi hapa nimebaindi?" Wenzake hawakucheka. Ningepata shimo ningeingia. Nimetukanwa na mashabiki miaka mingi na nimesahau karibu yote, lakini uzito wa kile kiganja ninao mpaka leo.

Tangu hapo natazama kwapa. Nikiona mwanga kati ya kwapa na mgongo wa mwenzake, huyo hayumo ndani ya raki. Na kama hayumo, arudi nyuma ya mguu wa mwisho kama wengine wote, la sivyo ameotea, penalti. Sheria husema sehemu ya nyuma kabisa ya mshiriki, lakini uwanjani ni mguu wa mwisho, tunaelewana. Aliyekuwa amebaindi kweli kisha akajitoa naye hana ruhusa ya kuzurura pale. Arudi nyuma bila kuchelewa.

3. Anayeingia atoke nyuma ya mstari wake, na baindi itangulie mwili au vifike pamoja. Bega likifika peke yake, pulizeni, hasa likielekea kichwani.

4. Ongeeni mapema: "Nyuma ya mguu wa mwisho, bluu saba." Mara moja. Refa anayeimba mchezo mzima hasikilizwi tena, ni kama redio ya jirani.

5. Ukishaona nani yuko juu ya mpira, inua macho utazame walinzi wa nje. Hao ndio wanaowaibieni, kwa sababu wanajua mmeinama.

6. Mpira ukishapatikana wazi na uko tayari kuchezwa, waambie wautumie, hesabu sekunde 5. Yule wa Jumamosi alifika tisa, nilimhesabia.

Nimemwita Jumanne mazoezini. Atachezesha raki 20 bila mpira: watu watagongana, watabaindi, wataotea, naye hatakuwa na cha kukodolea. Amenuna, anasema namdhalilisha. Nimemwambia aje na filimbi yake.