Mama anauliza udaktari unaanza lini

Nilipomaliza digrii ya biolojia hapa Marekani, Mama alikuwa ameshaitangazia nusu ya Tanga kwamba mwanawe anakuwa daktari. Nikampigia simu kumwambia nimepata nafasi ya kufanya kazi maabara kwa miaka miwili. Akanyamaza. "Kwani umefeli?"

Sikufeli. Ila kwetu mtoto akitoka kidato cha sita anaingia udaktari moja kwa moja, miaka mitano, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini. Huku lazima kwanza uwe na digrii nyingine ya miaka minne, na kati ya digrii hiyo na shule ya udaktari wengi huchukua mwaka au miwili wakafanye utafiti. Wenyewe wanakiita postibaki. Unalipwa posho, na kazi yako ni kujifunza utafiti unavyofanyika. Kwa anayetaka kutibu tu, si lazima. Nawaandikia wanaotaka kutibu na kutafiti, maana kusoma udaktari pamoja na shahada ya uzamivu ni miaka minane hivi. Usifunge ndoa ya miaka minane na mtu ambaye hujawahi hata kula naye.

Mama alinielewa siku nilipomsimulia habari za Denis Burkitt. Alikuwa daktari mpasuaji pale Mulago, Kampala, akawa anapokea watoto wenye uvimbe kwenye taya. Angeweza kupasua, akamwita mgonjwa anayefuata. Yeye akauliza: mbona hapa, na mbona watoto? Mwaka 1958 akauandika ugonjwa huo, na 1961 akapanda gari na wenzake wawili, wakazunguka hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika kutafuta unakoanzia na unakokomea. Mwaka huohuo mtafiti mmoja, Anthony Epstein, alimsikiliza akitoa mhadhara London, na baadaye akawa anapokea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Achong na Barr, wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya uvimbe huo. "Kumbe daktari mwenye maswali," Mama akasema. Ndiye huyo huyo.

Nafasi zinazojulikana zaidi ni za NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, pale Bethesda, Maryland. Zipo taasisi na vituo 27. Lazima uwe raia au uwe na grini kadi, na usiwe umehitimu zamani, kwa kawaida isizidi miaka mitatu. Kama huna grini kadi, tafuta maabara za vyuo vikuu, kila moja ina masharti yake. Na aliye nyumbani aangalie mafunzo ya kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, kituo cha utafiti wa afya kilichoko Kilifi, Kenya, kilichoanza 1989. Si lazima kila njia ipite uwanja wa ndege.

Sasa kosa langu la kwanza. NIH hakuna kamati inayokupangia maabara. Watafiti huchagua wenyewe, kwa hiyo unawaandikia. Nilituma barua pepe arobaini zilizofanana kama vipeperushi vya mganga, kwa NIH na kwa vyuo. Wakajibu watatu, wote hapana. Nikaketi nikaandika sita tu, kila moja baada ya kusoma makala moja ya mtafiti huyo na kuuliza swali moja kuhusu jedwali au picha fulani ndani yake. Nikapata usaili mara mbili.

Mmoja alikuwa na jina kubwa. Nikaomba niongee na kijana aliyetoka kwake mwaka uliopita. "Bosi nilimwona mara nne," akaniambia. Kwa mwaka mzima! Nikaenda kwa yule mwingine, ambaye alikuwa na watu watano na friji inayounguruma. Ukichukua jambo moja hapa, chukua hili: zungumza na walioondoka, tena bosi asiwepo.

Asubuhi moja ya Jumatatu, mwezi wangu wa saba pale maabara, nilifungua inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, nikakuta chupa zangu zote za seli zimegeuka. Yale majimaji ya kulishia seli huwa na rangi ya waridi iliyokolea, kama juisi ya rozela iliyozimuliwa. Yalikuwa ya manjano, na ukitikisa yana ukungu kama maji ya mchele. Bakteria. Kazi ya wiki sita. Nikamwita bosi huku koo limekauka. Hakufoka. Alisema tu, "Lete daftari." Tukafuata kurasa mpaka tukafika Alhamisi, ambapo nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba nimezilisha chupa zote kutoka chupa kubwa moja ya majimaji hayo niliyoifungua wiki iliyotangulia. Nikazimwagia jiki, nikaanza upya. Jioni nikajikuta nawaza jinsi ya kupanga chupa vizuri zaidi, si jinsi ya kuacha. Hapo ndipo nilipojijua.

Mwenzangu wa meza ya jirani alijijua kinyume chake. Alikuwa mahiri kuliko mimi, lakini kila Jumapili jioni tumbo lilimuuma. Akaomba udaktari peke yake, akapata, na nikimwona wodini naona mtu aliyefika kwao.

Halafu kuna kalenda, nayo huwakamata wengi. Fomu za shule za udaktari hufunguliwa mwezi wa tano, kwa masomo ya mwaka unaofuata. Ukianza postibaki mwezi wa sita na unataka kukaa miaka miwili, unaomba mwaka wa kwanza unapoisha. Maana yake bosi anakuandikia barua akiwa amekujua miezi kumi na kitu tu. Basi usijifiche miezi ile ya mwanzo. Omba kuwasilisha kwenye mikutano ya maabara hata kama matokeo yako ni aibu tupu, na MCAT, mtihani wa kuingilia shule za udaktari, uumalize mapema, kabla kazi haijakumeza.

Mama siku hizi haulizi tena udaktari unaanza lini. Anauliza unaisha lini.