Re: Fomu ya somo la afya ya uzazi, nisaini au nikatae?

Habari dada. Nimekusoma, shule imeleta fomu ya somo la afya ya uzazi, mumeo hataki anasema mtoto aambiwe asubiri ndoa basi, na wewe umekwama katikati. Sisi tulipita hapo hapo binti yetu akiwa na miaka 11.

Kabla hujabishana na mtu, omba kwanza orodha ya mada. Mimi nilienda nimenuna, nikampa mwalimu daftari nikamwambia niandikie mnafundisha nini, nikakuta ni kubalehe, hedhi, kujua mguso mbaya na kusema hapana, na hata kusubiri kumo humo humo. Mume wangu alisoma akanyamaza, akauliza kitu kimoja tu, nani anafundisha.

Hofu kwamba wakifundishwa ndo wataenda kujaribu naielewa sana maana nilikuwa nayo, ila mwongozo wa UNESCO wa 2018 uliopitia tafiti nyingi unasema somo hili haliongezi ngono kwa vijana, na kuhubiri kusubiri peke yake hakujaonekana kuwachelewesha. Maadili yenu endeleeni kumfundisha nyumbani, hayo mwalimu hawezi kuwafanyia.

Usisaini kwa kumficha mumeo lakini. Na muulize mtoto wako anajua nini tayari, wa kwangu aliamini hedhi ni ugonjwa, kaambiwa na wenzake chooni, akakaa na hofu hiyo miezi bila kuniambia. Niliumia sana. Kwa wa kiume waliolea wakuambie, mimi nina wa kike tu.