Pancha mbili kwa wiki? Kagua tairi kabla ya kununua

Ndugu, unasema unaendesha baiskeli kutoka Donholm hadi mjini Nairobi kwa Jogoo Road, unaziba pancha mbili kila wiki, na sasa unataka kununua tairi jipya. Kabla hujatoa pesa, vua tairi ulipapase ndani kwa kitambaa, si kwa kidole kitupu. Nashuku utakuta kijiwaya chembamba kama unywele, kile kinachomwagika kutoka matairi ya malori yaliyochakaa. Fundi huziba tyubu, waya ukabaki palepale, kesho unarudi kwake. (Yeye halalamiki.)

Ukiamua kununua, chagua lenye tabaka la kinga chini ya meno. Schwalbe Marathon Plus lina mpira wa kinga wa milimita 5. Ni zito, na kulivalisha kunatoa jasho, lakini kwa njia yako ningelichukua. Soma namba ubavuni, ile ya kipenyo cha rimu kwa milimita: tairi la 622 haliingii kwenye rimu ya 559.

Pesa ikitosha moja tu, liweke nyuma, ndiko uzito uliko.

Na upepo jamani! Tairi lenye upepo mdogo likiingia shimoni, rimu huibana tyubu ikatoboka matundu mawili yaliyokaribiana. Hiyo hata tairi la bei ghali haliikingi. Nunua pampu yenye geji ya kupima upepo.