Waulizeni habari za ngazi kabla ya kupima betri

Wadogo zangu mlioanza kliniki ya pesimeka (kifaa cha kuchochea moyo upige),

Faili mnazofunga siku hizi zinaishia kwa sentensi moja: “Pesimeka inafanya kazi vizuri, arudi baada ya miezi 12.” Betri imepimwa, ukinzani wa waya umeandikwa, kizingiti cha kuchochea (umeme mdogo kabisa unaoufanya moyo upige) kimetafutwa kwa uangalifu wa kupongezwa. Mistari miwili juu yake, kwa mwandiko uleule, imeandikwa kwamba mgonjwa ana AF (mtetemeko wa atria, vyumba vya juu vya moyo) ya kudumu, anachoka, na amehamishia kitanda chumba cha chini kwa sababu ngazi zimemshinda. Hakuna aliyeiunganisha mistari hiyo. Sisi tuliowatangulia tumelifanya kosa hilihili kwa miaka, na linauma kuliona likianza upya kwenu.

1. Kabla ya kubadilisha chochote, jueni moyo wenyewe unapiga vipi. Mgonjwa alale, ECG (mchoro wa umeme wa moyo) iwe inasoma, mteremshe kiwango cha chini (mapigo ambayo pesimeka hairuhusu moyo ushuke chini yake) kwa mapigo 10 kila hatua hadi 40, mkisubiri kidogo kila mnaposhuka. Akianza kizunguzungu, mpandishe palepale. Mkishajua kama anategemea pesimeka au ana mapigo yake, nusu ya maamuzi yanayofuata yamekwisha kujiamua.

2. Fungueni histogramu ya mapigo (mchoro wa nguzo unaoonyesha moyo umekaa kiasi gani kwenye kila kasi), na msiifunge mpaka mmeielewa. Hapa nitakaa kwa muda, maana hapa ndipo tulipowaumiza watu bila kujua.

Chukueni mama wa miaka 74. Aliwekewa pesimeka ya waya mbili kwa sababu ya kuzibika kabisa kwa njia ya umeme kati ya atria na ventrikali (vyumba vya chini), na wakati huo AF ilikuwa ya kuja na kuondoka. Siku zake za mpigo wa kawaida, mambo yalikwenda sawa: akipanda ngazi, atria zinaongeza mwendo hadi 110, pesimeka inazifuata, ventrikali inafika 110. Kisha AF ikaja ikakaa. Pesimeka ikafanya inachotakiwa kufanya: ikabadilisha modi (namna yake ya kufanya kazi), ikaacha kuzifuata atria zinazotetemeka zaidi ya mara 350 kwa dakika. Hapo hakuna hitilafu. Lakini tangu siku hiyo ventrikali haina wa kuiambia kwamba mama anapanda ngazi, kwa sababu mwitikio wa mapigo (kihisi kinachoongeza mapigo mtu akijitahidi) haukuwashwa. Usingizini 60, ngazini 60, amebeba ndoo ya maji 60.

Taarifa ya mashine inalisema hilo waziwazi: AF 100%, ventrikali kuchochewa 99%, na histogramu yenye nguzo moja tu, imesimama peke yake kwenye 60 kama mlingoti katikati ya uwanja. Sisi tuliitazama nguzo ile tukafurahi. Tulifundishwa kuogopa AF inayokwenda mbio, na nguzo ile ilituambia hakuna mbio. Tukaandika “mapigo yamedhibitiwa vizuri.” Yalikuwa yamefungwa, na tuliuita ufungwa ule udhibiti.

Hesabu yake haihitaji mashine. Ventrikali ikitoa mililita 70 kila pigo, mara 60, ni lita 4.2 kwa dakika. Kupanda ngazi kunadai walau mara mbili ya hapo. Mapigo yakigoma kupanda, kila pigo lingepaswa kutoa mililita 140, na moyo uliokakamaa wa mtu wa miaka 74, ambao kwa AF umeshapoteza msukumo wa atria wa kuujaza, hauwezi kutoa kiasi hicho. Basi anasimama ngazi ya tano, anashika ukuta.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho kinachouma zaidi. Aliposema anachoka, tulisema ni umri. Tuliomba eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), tukapima damu, tukaongeza dawa ya kukojoa. Tulimwachia beta-bloka aliyopewa zamani kutuliza AF, wakati njia ya umeme imeziba na hakuna mbio inayoweza kupita kwenda chini. Kila safari alirudi na karatasi mpya ya dawa. Mwaka uliofuata aliulizwa kama ana tatizo, akasema hapana, nasi tukaandika “hana malalamiko.” Hakuwa nayo kwa sababu alikuwa ameacha kupanda ngazi, ameacha kwenda sokoni, anafua akiwa ameketi. Maisha yalikuwa yamepunguzwa mpaka yakaenea ndani ya mapigo 60. Tuliyemwandika kuwa ametulia alikuwa amekata tamaa, na dawa yake ilikuwa kitufe kimoja kwenye programa (mashine ya kurekebisha pesimeka) tuliyokuwa tumeishika mkononi.

Marekebisho yenyewe ni haya. AF ikiwa ya kudumu, modi iwe VVIR (kuchochea ventrikali tu, kihisi kikiwa kimewashwa). Kiwango cha chini anzeni na 60 au 70. Kiwango cha juu cha kihisi kitafuteni kwa 220 kutoa umri, kisha mchukue asilimia 85: kwa mama huyu ni 146, yaani takribani 124. Kwa mwanzo 110 hadi 120 inatosha, na kama ana maumivu ya kifua akijitahidi, msivuke 100 hadi 110 kwanza. Halafu, tafadhalini, msimwachie aondoke akiwa bado amelala kitandani. Mtoeni kwenye korido, atembee mwendo wake wa kawaida dakika mbili au tatu. Mkiona 80 hadi 95, mko karibu. Apande ngazi za jengo: 100 na kitu. Asipofika, ongezeni wepesi wa kihisi hatua moja, atembee tena. Arudi baada ya wiki nne hadi sita mtazame histogramu mpya. Mnatafuta mteremko: nyingi kwenye 60 hadi 70, zinapungua polepole, mkia unagusa 110.

Na mjue kihisi chenyewe kinahisi nini. Kinachosoma mtikisiko wa mwili hakimwoni mwendesha baiskeli aliyetuliza kifua, lakini kinamwongezea mapigo abiria aliyekaa kwenye gari linaloruka mashimo. Kinachosoma pumzi kinaweza kupandishwa na mtu anayehema kwa hofu, na kinazimwa kabla ya upasuaji, kwa sababu mashine ya kupumulia inaweza kukidanganya. Mgonjwa akisema moyo unamwenda mbio akiwa ameketi, msikimbilie AF. Muulizeni alikuwa ameketi wapi.

3. Swali la “unajisikiaje?” linajibiwa “salama” kila siku, maana ndivyo watu walivyolelewa kujibu. Ulizeni: ngazi ngapi mpaka usimame? Nani anakubebea mizigo sasa ambaye mwaka jana hakuwa anakubebea? Kazi gani umeiacha? Kisha mpeni dodoso. AFEQT, dodoso la hali ya maisha ya mwenye AF, ina maswali 20 kuhusu wiki nne zilizopita, alama 0 hadi 100, na kubwa ndiyo nzuri. Ijazwe kabla ya kugusa mipangilio, na ijazwe tena akirudi. Mkikosa muda, andikeni daraja la EHRA la ukali wa dalili za AF: 1, 2a, 2b, 3 au 4. Tofauti ya 2a na 2b ni kama dalili zinamsumbua au la, na hiyo ni yeye anayeijua. Nimewaona mnamjazia daraja hilo mgonjwa akiwa bado anavaa shati. Acheni hilo.

4. Sasa kosa la upande wa pili, maana mkishasoma namba 2 najua kuna mtu kesho atampandisha kila mgonjwa hadi 80. Subirini.

Mwenye AF ambaye njia yake ya umeme ni nzima ana mapigo yake mwenyewe, na pesimeka inajaza mapengo tu. Ukipandisha kiwango cha chini kutoka 60 hadi 80, kuchochewa kwa ventrikali kunaweza kuruka kutoka asilimia chache hadi zaidi ya nusu. Waya ukiwa kwenye ncha ya ventrikali ya kulia, kila pigo lililochochewa linaanza upande mmoja na kuuchelewesha wa kushoto. Kwa moyo dhaifu hilo ni mzigo. Utafiti wa DAVID wa mwaka 2002 uliwachukua wagonjwa wa vifaa vya kushtua moyo wenye EF (asilimia ya damu ambayo ventrikali ya kushoto inaisukuma kila pigo) isiyozidi 40%: waliowekwa DDDR 70 (kuchochea atria na ventrikali, kiwango cha chini 70) walikuwa na vifo na kulazwa kwa kushindwa kwa moyo zaidi ya walioachiwa VVI 40 (ventrikali tu, moyo ukishuka chini ya 40).

Mtaniambia mbona utafiti wa myPACE wa mwaka 2023 uliongeza mapigo hadi karibu 75 badala ya 60, na hali ya maisha ikawa bora. Ni kweli. Lakini wale walikuwa na kushindwa kwa moyo huku EF ikiwa nzuri, na kuchochewa kwao kulianzia kwenye atria, kwenye njia ya asili ya umeme, au kwenye ventrikali zote mbili. Tafiti hizi mbili hazigombani. Kabla ya kubishana kuhusu namba, ulizeni pigo linaanzia wapi na EF ni ngapi. Ana AF ya kudumu, EF 35%, waya mmoja upande wa kulia? Pandisheni kwa woga, mwangalie asilimia ya kuchochewa akirudi, na ikiwa lazima achochewe muda mwingi, peleka faili kwa wanaoweza kujadili kuchochea pande zote mbili. Mkumbuke na betri: 60 kwa dakika ni mapigo 86,400 kwa siku, 80 ni 115,200.

5. Aliyefanyiwa ablesheni ya nodi ya AV (kukatwa kwa makusudi njia ya umeme kati ya atria na ventrikali) hashushwi hadi 60 wiki ileile. Moyo uliozoea mbio ukiteremshwa ghafla, muda wa ventrikali kujirudisha unarefuka, na hapo mipigo hatari ya ventrikali inaweza kuzuka. Wekeni 80 hadi 90 kwa mwezi wa kwanza hadi wa tatu, kisha mshushe kwa 10. Mgonjwa atalalamika kwamba usiku anausikia moyo. Mwelezeni sababu na tarehe ya kushusha, muiandike kwenye kadi yake, kwa sababu asipoelezwa atakwenda kliniki nyingine na mwenzenu mwenye huruma atamshusha siku hiyohiyo.

Mkiwa hapo, washeni mwitikio wa mapigo. Huyu ni yule mama wa namba 2, ila safari hii sisi wenyewe ndio tuliokata njia.

6. Kwa mwenye AF ya vipindi, hakikisheni waya wa atria unaisikia AF yenyewe. Mawimbi ya AF ni madogo na hayalingani, kwa hiyo usikivu uwe milivolti 0.5 au chini ya hapo, kwa ncha mbili. Yakikosekana, pesimeka haibadilishi modi, na ventrikali inaburutwa ovyo hadi kiwango cha juu cha kufuata, 120 au 130, mtu akiwa anakula. Usikivu ukizidi, waya wa atria unalisikia pigo la ventrikali, mashine inahesabu AF isiyokuwapo. Fungueni elektrogramu (mchoro wa umeme uliorekodiwa na waya wenyewe) mtazame kwa macho yenu. Msimwanzishie mtu dawa ya kuzuia damu kuganda kwa kuamini kisanduku cha asilimia.

7. Histeresisi (kuuacha moyo ushuke chini ya kiwango cha chini kabla ya kuuchochea) kwa mwenye AF izimeni, isipokuwa mna sababu ya kuiandika. Kiwango cha usiku wekeni 50 kwa anayesumbuliwa na mapigo akilala, na saa ya pesimeka iwe sahihi, la sivyo mtamlaza mchana.

8. Badilisheni jambo moja kwa safari. Mkibadilisha kiwango cha chini, wepesi wa kihisi na dozi ya beta-bloka kwa siku moja, akirudi akiwa mzima hamtajua kilichomponya, na akirudi akiwa mbaya zaidi hamtajua cha kurudisha. Kwenye faili andikeni kiwango cha zamani, kipya, sababu, asilimia ya kuchochewa siku hiyo, na idadi ya ngazi anazopanda bila kusimama.