Kuhusu jino lako, na shangazi yako

Mwanangu Salma,

Umeniuliza kama maumivu haya, siku ya pili tangu wakusafishe mizizi ya jino, umeyarithi kwa shangazi yako. Kwanza rudi kwa daktari ung'ate ile karatasi ya rangi, inayoacha alama pale meno yanapogongana. Dawa ya muda waliyokuzibia ikisimama juu hata kwa unene wa unywele, kila ukitafuna jino linagongwa, na nyama ya kwenye ncha ya mzizi imeshavimba. Wapunguze hapo penye alama. Hilo halina ukoo.

Ukoo upo, sikatai. Kuna jeni ya COMT, inayosaidia kuvunja adrenalini na dopamini, kemikali za mwilini. Tafiti zimeihusisha na namna watu wanavyohisi maumivu. Lakini jeni moja huchangia kidogo tu. Anayeingia jino likimuuma ndiye hasa anayetoka likimuuma, na wewe ulikuwa hujalala siku tatu.

Ila shangazi yako, lile gego la chini! Alipewa kodeini, dawa ya maumivu, akameza, usiku kucha analia, tukasema anadeka. Kodeini si kitu mpaka kimeng'enya cha ini, CYP2D6, kiigeuze kuwa mofini, ndiyo inayotuliza maumivu. Wapo waliozaliwa nacho hakifanyi kazi: wanameza, hawapati nafuu. Wengine kinafanya kazi kupita kiasi, mofini inawajaa hadi pumzi inafifia. Yeye hakupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini mwenye maumivu aulizwe wapi na lini, asiulizwe analilia nini.

Wewe kodeini iache. Kama huna vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu wala mimba, meza ibuprofeni 400 mg pamoja na parasetamoli 1000 mg, ukishakula, kila saa 6, kwa siku mbili tatu. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku. Usingoje liume ndipo umeze.

Uso ukivimba, homa ikipanda, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, usimtaje shangazi, rudi upesi. Gego lako ni la kwanza la juu; mara nyingi lina mfereji wa nne ndani ya mizizi, mwembamba, umejificha, na daktari huupita asiuone. Nakwambia tena: aulizwe wapi na lini.

Na hilo la "au ning'oe tu?" sikuamulii, jino ni lako. Ingawa gego lililozibwa vizuri na kuvikwa kofia... basi, nimesema sikuamulii. Ila usiling'oe kabla hujang'ata ile karatasi.

Mama